Maudhui ya Ngoma Isiyo na Maneno: Max Roach na Kazi Zake

Muhula uliopita nilifanya jaribio dogo katika kozi ya Fasihi Simulizi, mwaka wa pili. Badala ya kuanza kipindi kwa ngano au utenzi kama tulivyozoea, niliwasikilizisha wanafunzi kipande cha muziki kisichofika dakika nne. Hakuna mwimbaji ndani yake. Hakuna gitaa, hakuna kinanda, hakuna tarumbeta. Ni mtu mmoja na dramu zake. Kilipokwisha niliwataka waandike aya moja kuhusu walichokisikia. Kalamu zilikaa kimya kwa muda mrefu, kisha binti mmoja aliyeketi mbele akanyoosha mkono akaniuliza: "Mwalimu, fani tumeisikia. Maudhui yako wapi?"

Simlaumu hata kidogo, kwa sababu ndivyo tulivyomfundisha sisi wenyewe. Tangu sekondari mwanafunzi wetu huchorewa mstari katikati ya ubao: upande huu fani, upande ule maudhui. Akipewa shairi huchota dhamira, ujumbe na falsafa akaviweka kulia, akachota mizani, vina na tamathali akaviweka kushoto, na mtihani umekwisha. Mstari huo una manufaa yake siku ya kusahihisha. Lakini ukimpa kitu kisicho na maneno, upande mmoja wa ubao hubaki mtupu, naye hudhani kitu chenyewe ndicho kitupu. Nilipopendekeza kipande hicho kiingizwe katika orodha ya matini za kozi, mwenzangu mmoja alinijibu kikaoni kwamba matini ni maneno, na pasipo maneno hapana matini. Suala likaahirishwa. Makala haya ni hoja yangu kwa maandishi, na mwenye kutaka kunipinga, kurasa za jarida letu ziko wazi.

Mpiga dramu huyo ni Max Roach wa Marekani. Kabla ya kumwendea, niondoe utata wa neno. Huku kwetu Afrika Mashariki na Kati neno "jazi" lilipokelewa kama jina la bendi ya dansi. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Tabora Jazz, na kule Kongo O.K. Jazz ya akina Franco iliyoanzishwa mwaka 1956, zote zilipiga muziki wa kucheza, na watu walicheza kweli. Jazi ninayoizungumzia ni ile ya Wamarekani weusi, ambayo kufikia miaka ya 1940 sehemu yake moja ilikuwa imeanza kutoka katika kumbi za dansi na kuwa muziki wa kuketi na kusikiliza. Roach mwenyewe hakulipenda neno hilo, aliliona ni jina ambalo wenye muziki walibandikwa na watu wengine. Sisi tunaoishi na majina ya nchi na makabila yaliyoandikwa kwanza na wapima ramani tunamwelewa.

Maxwell Roach alizaliwa Januari 1924 katika jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka minne familia ilihamia Brooklyn, New York. Mama yake alikuwa mwimbaji wa nyimbo za injili, na mtoto alianza kupiga dramu kanisani akiwa na miaka kumi. Mwaka 1942, kijana wa miaka 18, aliitwa kushika kwa muda nafasi ya Sonny Greer katika bendi kubwa ya Duke Ellington. Desemba 1943 alirekodi kwa mara ya kwanza maishani, chini ya mpiga saksafoni Coleman Hawkins. Msomaji alishike jina la Hawkins, tutakutana naye tena.

Ili kuelewa alichokifanya Roach yafaa kujua kazi ya mpiga dramu ilikuwa nini kabla yake. Ilikuwa kazi ya saa ya ukutani. Mguu uligonga ngoma kubwa kwa mwendo mmoja usiobadilika, ili wenye kucheza wajue pa kukanyaga, na mikono ilipamba kidogo juu yake. Kenny Clarke ndiye aliyeanza kuuhamisha mwendo huo kutoka mguuni na kuupeleka kwenye toazi kubwa, linalopigwa kwa mkono wa kulia. Roach aliupokea mtindo huo akaufikisha mbali. Jambo hilo linaonekana dogo, la kifundi tu, lakini tazama matokeo yake. Mwendo sasa uko juu, mwepesi, unameremeta kwenye shaba. Mguu na mkono wa kushoto havina tena wajibu wa kuhesabu, basi vinaweza kuzungumza. Vinamkatiza mpiga tarumbeta, vinamjibu mpiga saksafoni, vinauliza swali na kuliacha likining'inia. Sikiliza "Ko-Ko" ya Charlie Parker, iliyorekodiwa Novemba 1945. Mwendo wake ni wa kasi ya kutisha, na katikati Roach anaachiwa uwanja peke yake. Wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Hii haivumi. Ni kavu, ni ya haraka, na kila pigo linasikika mahali pake kama silabi katika kinywa cha msomaji mzuri.

Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe ambacho walimu wenzangu wakitafakari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa tayari ni mmoja wa wapiga dramu wakubwa wa jiji lake, alijiunga na chuo cha muziki cha Manhattan ili asome upigaji. Mwalimu akamwambia namna anavyoshika vijiti si sahihi. Roach akaona kwamba akijirekebisha kama anavyotakiwa hatapata tena riziki kwenye klabu anazopiga usiku. Akaacha somo la upigaji, akahamia utungaji. Mimi hukikumbuka kisa hiki kila ninapomsahihisha kwa wino mwekundu mwanafunzi wa pwani ya Kenya au wa Kivu kwa sababu Kiswahili cha kwao hakifanani na cha kwenye kitabu.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Mwaka 1952 yeye na mpiga besi Charles Mingus walianzisha kampuni yao ya santuri, Debut, wasiwe vibarua wa kampuni za wengine. Mwaka 1954 aliunda kundi la watu watano pamoja na Clifford Brown, mpiga tarumbeta ambaye wengi wanamhesabu kuwa kipaji kikubwa cha kizazi chake. Usiku wa Juni 26, 1956, Brown alikufa katika ajali ya gari barabara kuu ya Pennsylvania, pamoja na mpiga piano wa kundi hilo, Richie Powell, na mke wa Powell aliyekuwa akiendesha. Brown alikuwa na miaka 25. Roach alizama katika huzuni na pombe. Aliendelea kupiga, aliendelea kurekodi, lakini anayesikiliza kazi za miaka ile kwa utaratibu atasikia mtu anayetafuta sababu mpya ya kushika vijiti.

Sababu hiyo aliipata mwaka 1960. Itafaa tuukumbuke mwaka wenyewe. Februari 1 wanafunzi wanne weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula ya wazungu mjini Greensboro, North Carolina, jimbo alilozaliwa Roach, wakakataa kuondoka. Machi 21 polisi wa Afrika Kusini waliwapiga risasi waandamanaji huko Sharpeville na kuua watu 69. Na kati ya Januari na Desemba nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Roach na mshairi na mwimbaji Oscar Brown Jr. walikuwa wameanza kutunga kazi ndefu ya kuadhimisha miaka mia moja ya tangazo la kukomesha utumwa nchini Marekani, ambayo ingetimia mwaka 1963. Matukio yaliwakimbiza. Wawili hao pia hawakukubaliana jinsi kazi hiyo iishe, wakaachana njiani. Kilichokuwa tayari kilirekodiwa Agosti na Septemba 1960 na kampuni ya Candid, chini ya jina "We Insist! Max Roach's Freedom Now Suite". Mwimbaji alikuwa Abbey Lincoln, ambaye Roach alimwoa mwaka 1962. Jalada lina picha ya wanaume watatu weusi kwenye kaunta ya chakula, wanageuka kukutazama wewe msomaji, na nyuma ya kaunta kasimama mhudumu mzungu.

Santuri hiyo ina vipande vitano, na havilingani kwa ubora. Kwa kawaida husifiwa yote kwa jumla, kwa sababu ya ujasiri wake. Kwa maoni yangu mhakiki anayesifu ujasiri peke yake anafanya kosa lilelile la mwanafunzi wetu: ameuchota ujumbe, akaacha chungu.

Kipande cha kwanza, "Driva Man", kinahusu msimamizi wa shamba la watumwa. Maneno yapo, Lincoln anayaimba kwa sauti kavu isiyobembeleza. Lakini sikiliza kinachofanyika chini ya maneno. Muziki mwingi wa jazi huenda kwa mapigo manne. Huu unakwenda kwa matano. Na katika kila mzunguko wa matano, pigo la kwanza linachapwa kwa nguvu kwenye ukingo wa ngoma. Halafu manne ya kusubiri. Halafu linachapwa tena. Huhitaji kuambiwa kwamba ni kiboko. Hesabu ya tano inamfanya msikilizaji aliyezoea nne abaki na hatua moja ya ziada isiyo na pa kwenda, na hatua hiyo ndiyo woga wenyewe: unajua linakuja, hujui mwili wako uliweke wapi. Hapo fani inapamba maudhui gani? Ukiiondoa hesabu ya tano umeuondoa utumwa katika wimbo, maneno yakabaki maelezo tu.

Katika kipande hichohicho anapiga Coleman Hawkins, yule aliyempa Roach rekodi ya kwanza mwaka 1943, sasa mzee wa heshima miongoni mwa vijana. Katikati ya upigaji wake saksafoni inalia vibaya, sauti inakwaruza. Walitaka kuirekebisha kwa kukata na kuunganisha utepe. Hawkins alikataa, kwake, kazi ya aina ile ikitoka bila doa ingekuwa na kasoro kubwa zaidi. Mkwaruzo upo hadi leo.

"Freedom Day" ni cha kasi, na shangwe yake ina wasiwasi ndani, kama mtu aliyeambiwa yuko huru akatazama nyuma mara mbili kabla ya kuamini. Nakipenda, lakini sina mengi ya kukisema.

Cha tatu ndicho kiini cha hoja yangu. Kinaitwa "Triptych", nacho kina sehemu tatu zilizopewa majina ya sala, upinzani na amani. Wapo watu wawili tu, Roach na Lincoln, na hakuna neno hata moja. Katika sala sauti inapanda polepole, inatafuta njia, na dramu inaifuata nyuma kwa heshima, kama mtu anayemsindikiza mfiwa. Kisha inakuja sehemu ya pili. Lincoln anapiga mayowe. Simaanishi kwamba anaimba kwa sauti ya juu. Ni mayowe halisi, yanayotoka tumboni, kwa zaidi ya dakika nzima, na dramu inayapiga kutoka chini bila kuyapa nafasi ya kupumua. Nilipowasikilizisha wanafunzi sehemu hii katika kipindi cha pili, wawili walicheka kwa aibu, kisha wakaacha. Hakuna aliyeuliza maudhui yako wapi.

Sehemu ya mwisho, ile ya amani, sauti inarudi chini na dramu inapata mwendo wa kutembea. Mimi siku zote niliisikia kama faraja. Mwanafunzi mmoja kutoka Burundi alinipinga. Alisema: "Mwalimu, hii si amani. Huu ni uchovu." Akaeleza kwamba kwao neno ingoma ni ngoma na ni ufalme pia, kwa hiyo mtu hujifunza tangu utotoni kusikiliza ni nani anayeishika ngoma na ni nani anayeitikia. Katika sala, alisema, sauti ndiyo inayotawala. Katika mayowe hakuna anayetawala. Katika amani dramu ndiyo inayotembea, na sauti inakwenda nyuma yake kwa sababu haina tena nguvu ya kwenda mbele. Nimekisikiliza kipande hicho kwa miaka kumi na tano na sikuwa nimeligundua hilo. Sasa siwezi kuacha kulisikia. Hiyo ni tafsiri, imejengwa juu ya ushahidi wa matini, inaweza kutetewa na inaweza kubishiwa. Kama hayo si uhakiki, sijui tunafundisha nini.

Lipo jambo moja katika "Triptych" linalonikera na sitalificha. Jina lililo juu ya jalada ni la Roach, na koo linalochanika ni la Lincoln. Mwanamume katunga, mwanamke kapiga mayowe, na wahakiki wa miaka mingi walimwandika yeye kama ala mojawapo ya mume wake. Lincoln aliendelea kuwa mtunzi mkubwa kwa haki yake, akafariki mwaka 2010 akiwa ameacha nyimbo nyingi za kwake. Anayefundisha kipande hiki aandike ubaoni majina mawili.

Cha nne, "All Africa", ndicho dhaifu kuliko vyote, na inaniuma kusema hivyo kwa kuwa ndicho kinachotutaja sisi. Lincoln anataja majina ya watu na makabila ya Afrika, moja baada ya jingine, na mpiga ngoma Mnijeria Babatunde Olatunji anamwitikia kwa Kiyoruba. Naelewa kwamba mwaka 1960, mbele ya Wamarekani waliofundishwa kwamba Afrika haina majina, kuyataja tu kulikuwa tendo. Lakini orodha ni orodha. Majina hayagusani, hayabadilishani kitu, yanapita kama wageni waalikwa wanaotambulishwa na mshereheshaji. Hapa Roach alilipa neno kazi ambayo ngoma ingeifanya vizuri zaidi, na kwa hakika nusu ya pili, ngoma za Olatunji na wenzake zinapoachwa zenyewe, kipande kinafufuka.

Cha tano, "Tears for Johannesburg", kinaomboleza Sharpeville. Mapigo ni matano tena, yaleyale ya kiboko, lakini sasa yanatiririka, na Lincoln anaimba bila maneno juu ya besi inayorudiarudia. Msikilizaji anayekumbuka kipande cha kwanza anaunganisha mwenyewe shamba la North Carolina na mji wa Afrika Kusini. Hakuna aliyemwambia. Hesabu ndiyo iliyomwambia.

Hapa mwenzangu wa kikaoni ana hoja, nami nampa haki yake. Bila jina la kipande, je, mwanafunzi angejua kwamba kinahusu Johannesburg? Asingejua. Jina ni maneno, na maneno ndiyo yaliyoielekeza ngoma kwenye shabaha. Nakubali. Lakini tunaposoma shairi lenye kichwa cha habari hatusemi kwamba shairi ni kichwa chake, na mwanafunzi anayejibu swali la mtihani kwa kunakili kichwa hapati alama. Serikali ya makaburu, kwa upande wake, iliipiga marufuku santuri hii mwaka 1962, pamoja na sehemu zake zisizo na neno. Wao hawakuuliza maudhui yako wapi.

Kwa walimu wa Kiswahili kuna jambo la karibu zaidi. Novemba 1960, miezi miwili hivi baada ya rekodi ile, mpiga piano Randy Weston alirekodi New York santuri yake iitwayo "Uhuru Afrika", na Roach alikuwa miongoni mwa wapigaji. Weston alikuwa amewauliza wanadiplomasia wa Kiafrika katika Umoja wa Mataifa ni lugha gani inafaa kuliwakilisha bara zima, akaambiwa Kiswahili. Santuri inafunguka kwa Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akisoma kwa Kiswahili shairi la Langston Hughes kuhusu uhuru. Tanganyika yenyewe ilikuwa haijapata uhuru bado, ingeupata Desemba 9, 1961. Basi neno "uhuru" lilikuwa kwenye jalada la santuri ya Marekani, likisomwa katika lugha yetu na mwana wa Afrika Mashariki, mwaka mzima kabla ya bendera kupandishwa Dar es Salaam. Tunaandika vitabu vizima juu ya kuenea kwa Kiswahili na sijakutana na kimoja kinachoitaja studio hiyo. Afrika Kusini iliipiga marufuku nayo, mwaka 1964.

Isije ikadhaniwa kwamba Roach mwenyewe aliamini dramu inatosha kwa kila jambo. Mei 19, 1961, Miles Davis alikuwa na tamasha katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, mapato yakiwa ni ya shirika moja la misaada ya tiba barani Afrika. Roach, ambaye alikuwa na shaka na shirika hilo, aliingia ukumbini akaketi ukingoni mwa jukwaa, katikati ya muziki, akainua bango lililodai Afrika iwe ya Waafrika na uhuru uwe sasa. Davis alikuwa rafiki yake, walipiga pamoja katika kundi la Charlie Parker miaka ya 1940. Davis alisimamisha muziki, akatoka. Walinzi wakamwondoa Roach, na Davis akarudi kupiga.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Mtu aliyekuwa ameweza kuuleta utumwa mzima katika pigo moja la ukingo wa ngoma, siku ile alichukua boksi na kalamu ya wino. Na bango lilikuwa na maneno machache yaliyo wazi kabisa, yenye ujumbe unaochoteka kwa sekunde moja. Aliukatiza muziki wa rafiki yake ili ayasome watu. Sijui kama lilikuwa kosa. Najua kwamba bango hilo leo ni habari ya kusimulia, na "Triptych" bado inawanyamazisha vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2000.

Gharama ilikuwepo. Roach alitangaza hadharani kwamba hatapiga tena muziki usio na maana kwa jamii, na miaka ya 1960 ilivyokwenda kazi zilipungua, naye aliamini kwamba milango ilifungwa makusudi. Ndoa yake na Lincoln ilivunjika mwaka 1970. Mwaka huohuo alianzisha M'Boom, kundi la wapigaji watupu, bila tarumbeta wala saksafoni. Mwaka 1972 alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, akawa profesa, mwenzetu katika kusahihisha. Mwaka 1988 alikuwa mwanamuziki wa kwanza wa jazi kupewa tuzo ya MacArthur. Alifariki New York Agosti 16, 2007. Filamu ya maisha yake, iliyoongozwa na Sam Pollard na Ben Shapiro, ilitoka mwaka 2023, na jina ililopewa ni la kile kipande nilichowasikilizisha wanafunzi wangu siku ya kwanza: "The Drum Also Waltzes", yaani ngoma nayo hucheza mwendo wa tatu.

Nirudi basi kwenye kipande hicho, cha santuri ya "Drums Unlimited" ya mwaka 1966, maana binti yule bado anadai jibu. Mguu wa kulia unapiga ngoma kubwa kwenye pigo la kwanza. Mguu wa kushoto unafunga matoazi pacha kwenye la pili na la tatu. Moja, mbili-tatu. Moja, mbili-tatu. Miguu inaanza hivyo na kuendelea hivyo, ndiyo mizani. Juu yake mikono inasema kishazi kifupi, kisha inanyamaza. Miguu inatembea peke yake. Kishazi kinarudi, mwanzo ni uleule, mwisho umegeuzwa. Kimya tena. Cha tatu ni kirefu kidogo, kinajibu viwili vilivyotangulia. Mwalimu wa ushairi anakitambua kitu hicho mara moja: ni ubeti. Kuna mizani isiyovunjwa, kuna kituo, kuna kitu kinachorudi kama kina na kitu kinachosogeza mbele. Tofauti ni kwamba katika vimya vyake, pale mshairi angekuwa amevuta pumzi tu, unasikia mizani yenyewe ikiendelea kutembea, tupu, bila kubeba kitu. Hapo ndipo msikilizaji anaposhtuka kwamba alikuwa anaisikia muda wote bila kuisikiliza.

Nikimwambia binti yule kwamba hayo ndiyo maudhui, ataniuliza niyaweke upande gani wa ubao. Vijana wa siku hizi huita wimbo wowote "ngoma", hata usio na ngoma ndani yake, na walimu wengi hukereka. Mimi nadhani wamelishika jambo ambalo silabasi yetu imelisahau: kwamba katika lugha hii chombo, mchezo, sherehe na kinachosemwa humo vilikuwa na jina moja.

Kikao ni wiki ya pili ya muhula ujao. Nimeomba chumba chenye spika.